Mstari wa Mwisho wa Hati: Kisa cha Rufaa Iliyoandikwa na Mtu Aliyeondolewa Uwakili

Mwezi wa saba, Mbeya ikiwa kwenye baridi lake lile la kung'ata vidole, mama mmoja alipanda Hiace ya alfajiri kutoka upande wa Kiwira akashuka Kabwe kabla jua halijapasha. Nyaraka zake alikuwa amezifunga kwenye kitenge, kama mtu anavyofunga maharage ya mbegu. Alipofika kwenye ofisi yangu ya uwakili alikifungua juu ya meza, akazipanga kwa utaratibu alioujua mwenyewe: hukumu ya baraza, barua ya mtendaji, vipande vya risiti, na chini kabisa uamuzi mfupi wa Mahakama Kuu.

"Mwanangu," akasema, "wameniambia rufaa yangu haipo. Mimi niliilipia. Sasa haipo vipi?"

Nimemwomba ruhusa ya kuandika kisa chake akakubali. Majina sitayataja, na mambo machache nimeyageuza ili asitambulike kijijini. Kiini kiko kama kilivyotokea.

Mumewe alifariki akaacha shamba la ekari mbili na nusu, upande mmoja migomba, upande wa pili miparachichi iliyokuwa ndiyo kwanza inaanza kuzaa vizuri. Miaka miwili baada ya msiba, shemeji yake aliuza ule upande wa parachichi kwa mtu wa mjini, akisema ardhi ni ya ukoo. Mnunuzi alipokuja na watu wa kupima, mama alikaa katikati ya njia akakataa kunyanyuka. Wakapelekana kata. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, mabaraza ya kata hayaamui tena migogoro ya ardhi. Kazi yao ni kusuluhisha, na siku 30 zikipita bila suluhu, mwenye dai anakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Suluhu haikupatikana. Mnunuzi akafungua shauri, mama akawa mdaiwa.

Hapo ndipo alipomkumbuka wakili. Alikuwa mtu wa kuaminika kwao. Zamani alimsimamia marehemu kwenye kesi ya gari la mizigo akaishinda, na siku ya mazishi alifika, akakaa na wanaume, akatoa ubani. Ofisi yake ilikuwa palepale, na bango lilikuwa lilelile: Wakili, Kamishna wa Viapo na Mthibitishaji wa Nyaraka. Mama hakuwa na sababu hata moja ya kumuuliza kama bado ni wakili. Nani anamuuliza daktari wa siku zote kama bado ni daktari?

Alikuwa ameondolewa miezi kumi kabla. Kamati ya Mawakili ilishasikiliza malalamiko ya mteja mwingine kuhusu fedha ambazo hazikumfikia, na jina lake likafutwa kwenye Orodha ya Mawakili inayotunzwa na Msajili wa Mahakama Kuu. Bango halikuondolewa.

Alimwandikia mama maelezo ya utetezi, akaenda naye barazani, akawauliza mashahidi maswali. Mnunuzi wakati huo hakuwa na wakili, kwa hiyo upande wa pili hapakuwa na jicho la kumtambua. Hukumu ilipotoka mama alishindwa. Sheria inampa asiyeridhika na uamuzi wa Baraza la Wilaya siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu. Yule bwana akamwambia asihofu, sababu za rufaa ni nzito. Siku ya 38 rufaa ikaingia.

Iliingia kwa mlango wa uani. Siku hizi nyaraka zinapakiwa kwenye mfumo wa mahakama wa kielektroniki, na kwa akaunti ya uwakili asingeweza tena. Basi aliichapa, akaigonga muhuri, akampeleka mama kwa kijana wa steshenari anayesaidia watu kupakia nyaraka, ikapakiwa kana kwamba mama anajiwakilisha mwenyewe. Lakini mwisho wa ukurasa, kwa mazoea ya miaka mingi, aliacha mstari ambao kila wakili anauandika bila kufikiri: "Imeandaliwa na kuwasilishwa na", kisha jina lake, saini yake, na ule muhuri.

Mstari huo ndio ulioiua rufaa. Mnunuzi, baada ya kushinda barazani, alikuwa ameajiri wakili kijana. Wakili huyo alisoma hati kuanzia chini, akalitafuta jina kwenye e-Wakili, mfumo wa mtandaoni unaoonyesha hali ya kila wakili, akaona hali yake. Siku ya kwanza ya shauri akasimama na pingamizi la awali: hati ya rufaa imeandaliwa na mtu asiye na sifa. Mama alikuwa peke yake. "Wakili" wake alimpigia simu asubuhi ile akasema ana homa.

Nilijiuliza kwanza kama pingamizi lile lilikaa vizuri. Kanuni ya kesi ya Mukisa Biscuit ya mwaka 1969, ambayo kila mwanafunzi wa sheria Afrika Mashariki anaikariri, inataka pingamizi la awali liwe hoja ya sheria tupu, isiyohitaji ushahidi. Kujua kama fulani ni wakili au la si jambo la ushahidi? Lakini Orodha ya Mawakili ni ya Mahakama yenyewe. Mahakama haihitaji shahidi wa kuiambia kilichomo kwenye daftari lake. Nikaliacha hapo.

Rufaa ikaondolewa. Mama hakuelewa kwamba kuna tofauti kati ya rufaa kuondolewa na rufaa kutupiliwa mbali, na hakuna aliyekuwa pale wa kumweleza. Iliyotupiliwa mbali imeamuliwa, imekwisha. Iliyoondolewa inaweza kurudi ikiwa imesafishwa, mradi muda upo. Yeye muda wake ulikuwa umekwisha siku nyingi.

Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, haina maneno mengi kwenye jambo hili. Ili mtu afanye kazi ya uwakili, jina lake liwe kwenye Orodha, awe na cheti hai cha kufanya kazi hiyo, na awe na leseni halali ya biashara. Anayekosa kimojawapo anaitwa mtu asiye na sifa. Aliyefutwa, aliyesimamishwa kwa muda, na aliyesahau tu kuhuisha cheti mwaka ulipogeuka, wote watatu wanaangukia jina hilohilo. Kwa dhamiri wako mbali sana mmoja na mwingine. Kwa hati waliyoiandika wako sawa.

Uamuzi unaotajwa kila mara una chimbuko kwetu huku huku Nyanda za Juu Kusini. Ni kesi ya Edson Osward Mbogoro dhidi ya Dk. Emmanuel Nchimbi, Rufaa ya Madai Na. 140 ya 2006, iliyotokana na uchaguzi wa ubunge wa Songea Mjini wa mwaka 2005. Mahakama ya Rufani ilisema kwamba anayefanya uwakili bila cheti hai hatendi kinyume cha sheria tu. Lolote analolifanya kwa nafasi hiyo halina nguvu ya kisheria. Tangu hapo, wakili yeyote anayetaka kuangusha hati ya mwenzake anaanza kwa kuangalia nani aliiandika na cheti chake kilikuwaje siku ile.

Naielewa sababu ya msimamo huo, na nauunga mkono kwa sehemu kubwa. Mahakama haiwezi kumfuta mtu leo na kesho ikampokea mlangoni na mafaili. Ikikubali hati zake, kufutwa kunabaki jina. Ila nilipokuwa nimekaa na yule mama, nikiangalia vidole vyake vikilainisha kona za karatasi zilizojikunja, niliona kitu ambacho kwenye vitabu hakionekani vizuri: adhabu ilikuwa imemfika yeye kwanza. Yule bwana ofisi yake ilikuwa bado ipo.

Majirani zetu wamepita njia nyingine. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Kenya, katika kesi ya National Bank of Kenya dhidi ya Anaj Warehousing, ilikataa kubatilisha hati ya rehani kwa sababu tu wakili aliyeiandaa hakuwa na cheti cha mwaka ule. Ilitazama nani anaumia: mtu aliyekwenda kwa wakili kwa nia njema hana namna ya kukagua droo zake, na mdaiwa asipate mwanya wa kukimbia deni kupitia kosa la mtu wa tatu. Adhabu imwendee wakili. Kwa mikataba, wosia na hati za mauziano, ningependa Bunge letu litufikishe hapo. Kwa nyaraka za mahakamani nasita. Ninachokitaka pale ni kidogo zaidi: mahakama inapogundua kwamba hati imeandikwa na mtu aliyefutwa, na mteja hakujua, impe siku kadhaa aisaini upya yeye mwenyewe au wakili wa kweli, shauri liendelee. Lengo kuu la kutenda haki bila kufungwa mno na ufundi liliingizwa kwenye sheria zetu mwaka 2018. Sijui lingetumika kwa nani kama halitumiki kwa mama wa aina hii.

Ila sheria iliyokuwepo siku ile ndiyo tuliyokuwa nayo. Kazi ikawa kuomba kuongezewa muda.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mashauri ya namna hii ndipo yanapofia. Anayeomba muda anatakiwa kueleza kila siku aliyochelewa. Katika kesi ya Lyamuya Construction, Mahakama ya Rufani iliweka vigezo ambavyo sote tunavitumia: eleza kipindi chote, ucheleweshaji usiwe wa kupindukia, onyesha bidii na si uzembe, na kama kuna sababu nyingine nzito, kama uvunjaji wa sheria katika uamuzi unaotaka kuupinga, iseme. Nilichora kalenda kwenye karatasi ya daftari. Rufaa iliondolewa siku ya Jumanne. Mama alirudi kijijini, akaumwa presha siku nne, akaenda kumtafuta yule bwana mara mbili akakuta mlango umefungwa, akauza mikungu ya ndizi kupata nauli, akafika kwangu siku ya 11. Nikatumia siku tisa kupata nakala zilizothibitishwa na kuandika maombi. Siku 20 zote zikapata maelezo yake, moja moja, kwenye hati ya kiapo.

Na zile za nyuma? Hapo nikaegemea kesi ya Fortunatus Masha dhidi ya William Shija ya mwaka 1997, inayotenganisha ucheleweshaji halisi na ule wa kiufundi. Aliyekata rufaa ndani ya muda, rufaa ikaondolewa kwa kasoro, hahesabiwi kuwa alilala. Alikuwa mahakamani muda wote. Rufaa ya mama iliingia siku ya 38, kwa hiyo ilikuwa ndani ya muda.

Wakili wa upande wa pili akanijibu vizuri, na ninamheshimu kwa hilo. Alisema: kama kwa uamuzi wa Mbogoro hati ile haina nguvu yoyote, basi hapakuwa na rufaa siku ya 38. Karatasi isiyo na uhai haiwezi kuhesabiwa kwamba ilifika kwa wakati. Akaongeza kwamba uzembe wa wakili haujawahi kuwa sababu ya kutosha ya kuongeza muda, na mteja ana wajibu wa kufuatilia shauri lake. Mfumo wa e-Wakili uko wazi kwa kila mwananchi. Jina linaandikwa, hali ya wakili inaonekana.

Jibu langu lilikuwa hili. Kanuni ya kwamba mteja anabeba uzembe wa wakili wake inamhitaji wakili. Mteja amemchagua, amemkabidhi, wakili ni mdomo wake. Hapa hapakuwa na wakili wa kuzembea. Palikuwa na udanganyifu wa mtu baki, na huyu mama ndiye aliyedanganywa. Huwezi kusema hati haina nguvu kwa kuwa si wakili, kisha ukageuka ukamtwika mteja mzigo kwa kuwa ni wakili wake. Kuhusu e-Wakili, nikaomba mahakama izingatie kwamba simu ya mama ni kitochi. Tukaiambatisha kwenye kiapo, picha yake, yenye mpira mwekundu uliofungwa kuzuia betri isidondoke.

Kwenye maelezo yale nilizungumzia pia shauri la barazani. Sheria ya mabaraza ya ardhi inamruhusu mtu kusimama mwenyewe, au kuwakilishwa na wakili, au ndugu, au mmoja wa nyumba yake. Yule bwana hakuwa hata kimojawapo. Utetezi wote wa mama, pamoja na maswali yaliyoulizwa kwa jina lake, ulipita kwenye mikono ya mtu asiyeruhusiwa kuwa pale. Nilisita kuitumia hoja hii, maana inakata kuwili: ukisema utetezi ni batili, unaweza kubaki na mdaiwa ambaye hakujitetea. Lakini kasoro ile ilikuwa inaonekana kwenye kumbukumbu yenyewe ya baraza, bila kuchimba, nami nikaiweka kama hoja ya mwisho.

Tulipewa muda. Siku 21 za kuleta rufaa mpya.

Sasa yule bwana.

Watu wengi wanadhani aliyefutwa akiendelea atashitakiwa kwa Kamati ya Mawakili. Adhabu kubwa kuliko zote iliyo mikononi mwa Kamati ni kumwondoa, na ilishamwondoa. Kilichobaki ni mlango wa jinai na wa madai. Sheria ya Mawakili inamhesabu asiye na sifa anayefanya uwakili kuwa amedharau mahakama, inamfanya mkosaji wa jinai, na inamnyima haki ya kudai ujira wowote kwa kazi ile. Juu ya hapo kuna kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu. Kila shilingi aliyoipokea akijitambulisha kuwa wakili inaweza kuingia humo. Na yeyote aliyefutwa huwa na tumaini la kurejeshwa siku moja. Njia hiyo ipo na inafanya kazi. Fatma Karume, aliyekuwa Rais wa Chama cha Mawakili Tanganyika, aliondolewa mwaka 2020 na Mahakama Kuu ikamrejesha mwaka 2021. Anayeona ameonewa ana rufaa, na rufaa hiyo inasikika vizuri zaidi akiwa hana jalada jipya polisi.

Kwa mama, jumla ilikuwa shilingi 1,850,000. Tulizikusanya kutoka kwenye ujumbe wa miamala ya simu, na kutoka kwenye vikaratasi. Kimoja bado nakiona. Ni kipande cha daftari la mistari, kimeandikwa kwa kalamu ya bluu: "Nimepokea Tsh 350,000 za rufaa. Zimebaki 350,000." Muhuri umegongwa mara mbili kwa sababu wa kwanza ulitoka hafifu. Ukingo wake umekatika kidogo upande wa kushoto, panapoanza anwani. Mama alikuwa pia na jalada la zamani la mumewe, la ile kesi ya gari, nikalifungua. Muhuri uleule, ukingo umekatika palepale. Mmoja uligongwa na wakili, mwingine uligongwa na mtu asiye wakili, na ukiziweka karatasi mbili pamoja kwenye mwanga wa dirisha huoni tofauti.

Tulikwenda polisi, jalada likafunguliwa. Wiki iliyofuata akanipigia simu. Nilimpokea kwa "shikamoo kaka", kwa kuwa ndivyo nilivyozoea. Aliwahi kunifundisha kazi. Nilipoapishwa na kurudi Mbeya sina hata kiti, yeye ndiye aliyenionyesha jinsi ya kumhoji shahidi mzee bila kumvunjia heshima. Akasema, "Mdogo wangu, haya tungeyamaliza kifamilia. Watoto wako shule. Ulitaka nile nini?"

Sikuwa na jibu jepesi, na swali lake si la kupuuza. Mtu aliyefanya kazi moja miaka ishirini, akiambiwa aache kesho, hajui pa kushika. Lakini kazi za halali zilikuwepo. Angeweza kufundisha, kufuga, kuuza mbolea, kulima viazi Uporoto kama wastaafu wengi. Alichagua kuendelea kupokea fedha za watu ambao shauri lao moja ndilo lote walilonalo. Nikamwambia hivyo, kwa adabu, nikamwambia pia jalada silifuti kwa sababu si langu. Alirudisha 400,000 kupitia kwa shangazi yake mama. Nyingine tunazidai.

Lipo jambo ambalo limenifanya niandike, na linanihusu mimi kuliko yeye. Nilijua amefutwa. Wengi wetu tulijua. Habari kama hizo zinafika kwenye makundi yetu ya simu kabla hata ya amri kuchapwa. Na katika miezi ileile ambayo shauri la mama lilikuwa likisikilizwa, nilikutana naye kwenye korido ya baraza moja. Alikuwa amevaa suti nyeusi, faili kwapani. Tukapeana mikono, akaniulizia watoto. Nikaona faili. Nikajiambia labda amekuja kwa shauri lake mwenyewe, labda la ndugu. Sikuuliza. Niliona haya kumuuliza mtu aliyenitangulia. Hatua kumi nyuma yake, kwenye benchi, kulikuwa na akina mama watatu wamejifunika vitenge kwa baridi, na sasa najiuliza kila siku kama mmoja wao hakuwa huyu.

Tunaposema vishoka, yaani wanaofanya uwakili bila sifa, mawakili tunapandisha sauti. Tunataka polisi wawakamate, tunataka wananchi waelimishwe. Lakini kishoka wa mtaani ambaye hakuwahi kusoma sheria ni rahisi kumtambua. Aliyefutwa ni hatari kuliko yeye, kwa kuwa anajua lugha, anajua makarani kwa majina, na anatukuta sisi tumenyamaza. Wengine wanafanya zaidi ya kunyamaza: wanamwazima muhuri. Aliyefutwa anaandika, mwenye cheti hai anagonga na kusaini bila kusoma, wanagawana. Hati ya namna hiyo inapita salama, kwa kuwa jina la chini ni halali. Kwangu mimi huyo anayetoa muhuri wake ana kosa kubwa kuliko mwenzake, maana yeye bado ana kiapo cha kuvunja.

Wakili kijana wa upande wa pili alifanya kazi yake alipoliangalia lile jina. Natamani lingekuwa limeangaliwa na mmoja wetu mwaka mmoja mapema, si kwa kuangusha rufaa ya mtu, kwa kumpigia tu yule bwana simu na kumwambia ukiingia tena barazani nitasimama niseme.

Wananchi nao wanaweza kufanya machache yaliyo mikononi mwao. Kwenye e-Wakili unaandika jina au namba ya uwakili, unaona kama anaruhusiwa kufanya kazi, amesimamishwa au ameondolewa. Asiye na simu ya intaneti amwombe kijana wa steshenari kabla hajamwomba kupakia hati. Vyeti vya mawakili vinakwisha kila 31 Desemba, hivyo aliyekuwa safi Novemba huenda asiwe safi Machi, angalia tena. Omba risiti yenye jina la ofisi. Nakala ya kila hati inayopelekwa kwa jina lako, kaa nayo, na usome mstari wa chini. Na kwa asiye na uwezo wa kulipa, wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 wapo kwenye wilaya zetu. Hawasimami mahakamani kumwakilisha mtu, lakini watamweleza bure tofauti ya kuondolewa na kutupiliwa mbali, ambayo huyu mama aliipata kwa kuuza ndizi.

Rufaa mpya ilikuwa tayari siku ya 14 kati ya zile 21. Nilimwita mama aje asomewe kabla sijaipakia. Alikuja na mjukuu wake wa kidato cha pili, amevaa sweta la shule. Nilimsomea sababu zote tano kwa sauti, akatikisa kichwa kwenye ya tatu akasema hapo ongeza kwamba shemeji hakuwahi kulima hata siku moja. Nikamweleza kwamba hilo ni la ushahidi, halikai kwenye sababu za rufaa. Akakubali, shingo upande.

Tulipofika ukurasa wa mwisho, akaweka kidole kwenye mstari wa chini, juu ya jina langu. Akamgeukia mjukuu.

"Hebu liangalie na hili."

Mtandao ulikuwa mzito kwa sababu ya mvua. Tukakaa kimya, sisi watatu, mtoto ameshika simu yangu, kile kiduara kinazunguka kwenye kioo. Nilijikuta natazama mlango kama ninayesubiri hukumu. Kisha mtoto akamsogezea bibi yake simu, akamsomea jina, namba, na neno lililoandikwa mbele yake.

"Yupo," akasema.

Mama akaisogeza pedi ya wino, akabonyeza dole gumba, akalifuta kwenye pindo la kitenge. "Ndaga fijo, mwanangu," akanishukuru kwa Kinyakyusa. "Sasa ipeleke."